Bahari ya Mama Chancelle

Watu wengi wa Kolwezi hawajawahi kuiona bahari, na hawana shida nayo. Samaki wa baharini huwafikia akiwa makayabo, mkavu, mwenye chumvi ya kuwasha ulimi. Huyo hulowekwa, akapikwa na nyanya, akaliwa na bukari, yaani ugali, na habari za bahari zikaishia hapo sahanini. Mianda hakuwa hivyo. Yeye aliipenda bahari tangu utotoni huko Kasaji, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mzee huyo aliwahi kufika Lobito katika ujana wake, wakati treni zilikuwa bado zinavuka Angola, akarudi na chupa ya maji ya bahari. Kila mtoto wa nyumba ile, akishaanza kusema, alidondoshewa tone moja ulimini, akakunja uso, na mzee akacheka. Mianda alikunja uso kama wenzake, kisha akaomba tone la pili. Baba alimwahidi kwamba njia iliyofungwa na vita ikifunguliwa watapanda treni pamoja, na mzee akafariki miaka mingi baadaye akiwa bado anaingoja.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hamu yake. Hofu yake nayo ilikuwa moja tu, na kila aliyemfahamu aliijua. Mdogo wake, Dimitri, alifia chini ya nyumba ya watu huko Kasulo, miaka ile ambapo wenye nyumba walikuwa wanavunja sima, saruji ya sakafu za vyumba vyao, kutafuta mawe meusi ya kobalti, ambayo hutoka pamoja na shaba. Dari ya shimo ilimwangukia. Mianda alikaa kwenye mdomo wa shimo hilo hadi wachimbaji wenzake walipomtoa, na alimtambua kwa mkanda wa suruali, kwa sababu uso haukuwa wa kutambulika. Basi Tharcisse alipokuja kuposa, msichana alisema neno lake mbele ya baba na mbele ya mchungaji. Hatalala kamwe katika nyumba iliyochimbwa chini, na siku mtu atakapochimba chini ya kitanda chake, ndoa imekwisha. Tharcisse aliweka mkono juu ya Biblia akaapa, na hakuna aliyemlazimisha. Wakanunua kiwanja mbali na Kasulo, katika mtaa ambao watu walisema chini yake kuna udongo mtupu. Wakajenga polepole, chumba kwa chumba, wakamzaa Chancelle na mdogo wake wa kiume.

Mianda alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye meza na cherehani yake sokoni. Tharcisse alikuwa dereva wa mkurugenzi mmoja mgeni, katika kampuni ya kusafisha upya mchanga uliobaki wa migodi. Mkurugenzi huyo alikuwa na sanduku kubwa la kioo ofisini kwake, lenye maji ya chumvi na samaki wa baharini ndani. Tharcisse alikuwa akimsimulia mke wake habari zake jioni wakila, naye Mianda alisahau tonge mkononi. Siku ambayo mkurugenzi alimaliza mkataba wake na kurudi kwao, Tharcisse alifika nyumbani juu ya tukutuku ya magurudumu matatu, amelikumbatia lile sanduku la kioo.

“Mama Chancelle, kuya uone,” alimwita mke wake. “Weye ulikuwa unataka kuenda ku bahari. Bahari njo hii, imekuya yenyewe.”

Mianda alilia hapohapo uani, mbele ya majirani, na hakuona haya. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia jambo kama lile. Baadaye alikuja kuyachukia machozi hayo kuliko kitu kingine chochote katika habari hii yote.

Yeye ndiye aliyejifunza kazi. Mumewe alileta vifaa na maelezo machache ya Kifaransa, mengine Mianda aliyatafuta kwenye simu, akitazama video za watu wa nchi za mbali huku anashona kola. Akajua kwamba kitu cha kwanza si maji wala samaki, ni sakafu. Sanduku la maji ni zito kupita kiasi, na likisimama upande, uzito wote huegemea kona moja mpaka kioo kinapasuka. Kwa hiyo aliazima pimamaji ya fundi mwashi, akaiweka juu ya meza ya chuma, akasogeza na kusogeza hadi kiputo kikatulia katikati. Kisha akabandika utepe mwembamba wa bluu kuzunguka kioo chote, mahali ambapo maji yangefikia, ili siku zote ajue kiasi gani kimekauka.

Mahali pa kuliweka alipachagua Tharcisse. Mianda alitaka karibu na dirisha. Mumewe akasema jua litaleta ukungu wa kijani, na kweli hata kwenye simu walisema hivyo. Sanduku likawekwa ukutani upande wa pili wa sebule, ukuta unaogawana na depo, kile chumba kidogo cha kuhifadhia vitu.

Maji nayo yalikuwa na mambo yake. Maji ya bomba ya mji wetu hayafai, kwa kuwa yana shaba, na shaba kidogo tu isiyomdhuru binadamu inaua kamba na konokono wa baharini. Mianda alinunua maji yaliyochujwa kwa Baudouin, kijana mpole aliyekuwa anayauza mtaani kwa baiskeli. Aliyamwaga katika pipa, akatia chumvi ya baharini ya mkurugenzi, akakoroga, akapima kwa kipimo cha kuelea, akaongeza, akapima tena. Akapanga mawe yaliyotoka baharini, yenye vijidudu visivyoonekana ambavyo ndivyo vinavyosafisha maji. Akawasha taa na kipasha joto, maana asubuhi za mwezi wa sita hapa Kolwezi ni za kuvaa sweta. Halafu akangoja. Maji ya chumvi hayapokei samaki siku ileile, sharti yaive kwanza, na kuiva kwake ni wiki kadhaa za kutazama mawe.

Jirani yake, Joyeuse, mama wa watoto wanne na mdomo usiolala, hakuiacha nafasi hiyo ipite.

“Mama Chancelle, televizio yako haina chaîne?” aliuliza kila alipopita mlangoni na kuona kioo hakina samaki.

“Ngoja tu,” Mianda alijibu.

“Minangoja. Lakini samaki inayoogea mu chumvi, hiyo ni makayabo. Siku utachoka nayo, uniite na nyanya yangu.”

Hatimaye Tharcisse akawaleta wale samaki waliobaki ofisini, wawili, wadogo, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, pamoja na kamba mmoja mwekundu na konokono kadhaa. Watoto wa mtaa walijaa sebuleni. Mianda akawa anawasalimia samaki wake asubuhi kabla ya kumsalimia mtu, na mtu akimcheka, alicheka pia. Alikuwa na furaha. Mwanamke mwenye meza ya sare sokoni alikuwa na bahari nyumbani kwake, na aliyempa ni mume wake.

Polepole, nyumba ikaanza kuishi kwa sheria za bahari hiyo. Depo ilifungwa, kwa sababu ndimo zilimokuwa dawa na chumvi, na vumbi likiingia, Tharcisse alisema, samaki wote wanakufa. Ufunguo alikaa nao yeye. Pampu ndogo ya hewa iliharibika, akaleta mashine kubwa zaidi, akaifunga uani kando ya ukuta wa depo, nayo ikawa inanguruma kutwa nzima hadi mtu alilazimika kupaza sauti kuomba chumvi ya mezani. Mianda aliuliza kama samaki wawili wenye ukubwa wa kidole wanahitaji upepo wote huo. Mumewe akamwambia bahari ina upepo mwingi. Jibu hilo lilimfurahisha, akalirudia sokoni.

Halafu kulikuwa na bidoni, yaani madumu. Maji machafu ya chumvi yanabadilishwa kidogo kidogo, hayamwagwi uani kwa kuwa yanaua majani, kwa hiyo Tharcisse alikuwa anayatoa katika bidoni za bluu zenye vifuniko, tukutuku inakuja kuzichukua, mara nyingi. Zilikuwa nzito mno, watu wawili walishika moja. Joyeuse aliuliza siku moja jinsi maji yanavyoweza kuwa mazito namna hiyo, na Mianda akamweleza kwa fahari kwamba maji ya chumvi ni mazito kuliko maji ya kawaida. Jambo hilo ni kweli. Joyeuse alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akasema mama Chancelle sasa amekuwa profesa.

Mtu wa pili aliyeshika bidoni hizo alikuwa Hénock, mdogo wa mwisho wa Mianda, ndugu wa kiume pekee aliyebaki, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa amekuja kutoka Kasaji kutafuta maisha, na aliishi nao. Alisema anatengeneza simu kwenye mzunguko wa barabara. Tharcisse naye alisema mkurugenzi mpya amemweka zamu ya usiku, kwa hiyo mchana yuko nyumbani analala. Mianda alitoka asubuhi kwenda sokoni akiwa amewaaminia nyumba wanaume wawili hao, na akatembea na roho nyeupe.

Kazi moja waliyomwachia yeye ilikuwa jenereta, groupe kama tunavyoiita. Tharcisse alimfundisha kuiwasha, akamfundisha tena, akamwambia umeme ukikatika asingoje hata kidogo, kwa kuwa bila hewa samaki hawa hawachukui muda kufa. Umeme wa Kolwezi mnaujua. Ukizimika sokoni, Mianda alimwachia jirani meza, akakimbia na sindano bado zimechomekwa kwenye blauzi, akawasha jenereta, akaona mapovu yanarudi ndani ya sanduku, ndipo akapumua. Watu walimcheka njiani. Wengine walisema hata mtoto wake hamkimbilii hivyo. Hakujali.

Kisha yule kamba mwekundu akafa. Baada yake konokono, mmoja baada ya mwingine, wakadondoka kutoka kwenye kioo. Samaki walibaki wazima, na Mianda aliyekuwa amesoma alijua maana yake. Ni shaba. Lakini shaba ingetoka wapi? Alifikiri kutwa nzima, akapata jibu lililokuwa karibu zaidi. Akatoka na kumkabili Baudouin katikati ya barabara, akamwambia anauza maji ya bomba kwa jina la maji yaliyochujwa, na kwamba ni mwizi. Baudouin aliapa kwa marehemu mama yake. Watu wakakusanyika, na wateja wake wawili wakamwambia palepale asirudi kwao. Tharcisse alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu anayeona uchungu wa dunia. Hénock, ambaye siku hizo ndiye aliyekuwa akikoroga chumvi katika pipa kwa mkono wake mzima mpaka kwapani, aliangalia chini. Mianda aliona jinsi alivyoangalia chini, akadhani anamhurumia kamba.

Ikafuata habari ya utepe. Asubuhi moja aliona maji upande wa kushoto yamepanda juu ya utepe wa bluu, na upande wa kulia yameshuka chini yake, upana wa ukucha. Alifuta macho. Akapiga magoti upande huu na upande ule. Maji yenyewe hayawezi kulala upande, kwa hiyo kilicholala ni nyumba.

“Nyumba inakaa,” Tharcisse alisema, yaani inatulia juu ya udongo wake. “Nyumba yote mupya inakaa. Na kintu yako ni muzito.” Akakunja katoni, akaisukuma chini ya mguu wa meza, na maji yakarudi sawa na utepe.

Baada ya muda mfupi yakalala tena, upana wa kidole. Katoni ya pili. Chumba cha watoto kikapata ufa sakafuni, kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda, na Tharcisse, mtu aliyechelewesha kila kazi ya nyumba hata kubadilisha balbu, aliuziba kwa sima siku hiyohiyo. Mianda alisema basi afadhali wapunguze maji, au waliondoe sanduku kabisa, kuliko kuvunja nyumba. Alisema kwa uchungu, kwa kuwa alikuwa anatoa kitu alichokipenda kuliko vyote vya kwake. Tharcisse aligeuka mkali. Alimwambia hana shukrani, alimpa bahari na sasa anataka kuitupa. Mianda akaona haya. Alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa miezi yote ile, na bado yeye ndiye aliyeomba radhi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, meza yake imejaa sketi za bluu, umeme ukakatika mchana. Alikimbia kama kawaida. Akawasha jenereta, ile mashine kubwa ikaanza kunguruma, akaingia sebuleni kutazama mapovu. Mapovu yalikuwa hafifu, yanatoka moja moja. Aligonga mpira, akaupuliza, akaufuata kwa vidole hadi ulipoingia ukutani kwenda depo. Alijua umekunjika upande wa pili. Akaenda kumwamsha mumewe ampe ufunguo. Kitanda kilikuwa kitupu na kimetandikwa.

Akausukuma mlango wa depo, si kwa kutarajia ufunguke, bali kwa hasira ya kukosa ufunguo. Ulifunguka. Ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, lakini ukuta ule ulikuwa umezama kiasi kwamba komeo halikufikia tena tundu lake.

Hakukuwa na dawa wala chumvi. Kulikuwa na magunia ya mawe meusi, yamepangwa hadi karibu na bati, na katikati ya sakafu kulikuwa na shimo la mraba, limekatwa vizuri, na kamba imefungwa kwenye boriti. Kutoka ukuta wa uani bomba nene lilipita sakafuni na kushuka shimoni. Mpira mwembamba wa samaki ulikuwa umefungwa pembeni ya bomba hilo kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kulikuwa na joto, na harufu ileile ya udongo mbichi aliyokaa nayo kutwa huko Kasulo.

Sauti zikapanda kutoka chini, zikiwa tulivu, za watu walio kazini.

“Mupepo imerudia,” alisema Hénock. “Ni yaya, amefika.”

Tharcisse akacheka. “Nilisha kukuambia. Courant ikikatika tu, yee huyu anakimbia. Bila basamaki yake siye tulisha kufa zamani.”

Kuna watu watasema wangepiga kelele. Mianda hakupiga. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akatoka uani, akasimama mbele ya jenereta na kuweka kidole kwenye kitufe. Alitaka kuizima. Hakutaka kuwatisha wala kuwafundisha adabu, alitaka kuizima tu, na wao wabaki huko walikochagua kwenda. Alisimama hivyo, kidole juu ya kitufe. Lakini alikuwa anajua jinsi mtu anavyotoka shimoni akiwa amekosa hewa, na mmoja wa wale wawili alikuwa amebebwa mgongoni mwake alipokuwa mtoto. Akaondoa kidole. Akafungua kifuniko cha tangi kuangalia kama mafuta yanatosha.

Ndipo akarudi mlangoni pa depo, akaita, “Hénock.”

Kutoka chini ikaja sauti ya mumewe, na neno la kwanza alilolitoa, kabla ya jina lake, kabla ya samahani, lilikuwa hili: “Usizimishe groupe. Tunapanda.”

Alikwenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya jenereta, akailinda kama alivyokuwa akiilinda siku zote, tofauti ni kwamba sasa alijua anamlinda nani. Walipotoka wote wawili uani, weusi kwa vumbi hadi kope, aliinuka akaizima. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, uani pale kuku walisikika.

“Basamaki itakufa,” Tharcisse alisema kwa upole.

Alikuwa bado anaushikilia uongo uleule. Mianda alimtazama mwanamume huyo kana kwamba ameletwa kwake leo.

“Tangu wakati gani?” aliuliza.

Tharcisse alieleza vizuri, kama mtu aliyekuwa amejiandaa. Alipokuwa anachimba shimo la choo kipya alikuta jiwe jeusi, akalifukia, akanyamaza. Mkurugenzi alipoondoka, kazi ya udereva nayo ilikwisha, zamu ya usiku haikuwahi kuwapo. Kuchimba ndani ya mtaa sasa kunakatazwa, watu wanakamatwa, kwa hiyo kulihitajika kitu cha kufunika kelele na cha kueleza bidoni. Na pale ofisini, sanduku lilikuwa linatafuta mtu wa kulichukua.

“Nilikuwa nitakuambia tukisha kumaliza,” alisema. “Nilifanya kwa ajili ya batoto.”

“Uliapa.”

“Niliapa, ndiyo. Lakini nilikupatia bahari, mama Chancelle. Hiyo haikukuwa bongo, ilikuwa ya kweli. Ulikuwa na furaha, niliona.”

Ni kweli, alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililomkata. Mtu akikudanganya kwa kitu usichokijali, unakasirika na yanakwisha. Huyu alikuwa ameingia mpaka mahali ambapo baba yake alimdondoshea lile tone la kwanza, akapatoboa, akapitisha bomba lake. Mianda akamgeukia mdogo wake.

“Na weye? Weye ulibeba musalaba ya Dimitri.”

Hénock alijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, vumbi likasambaa. “Yaya, bale ba Kasulo habakuweka miti ya kushika juu. Siye tuliweka miti. Tuliweka muzuri kabisa.”

“Shimo inafika wapi?”

Hénock alimtazama Tharcisse.

“Hénock. Inafika wapi?”

“Inapita chini ya chumba ya batoto,” alisema. Kisha akainua kidevu kuelekea ukuta wa jirani. “Inaingia kwa mama Joyeuse.”

Chancelle na mdogo wake walikuwa huko, wanacheza na watoto wa Joyeuse kama kila siku ya likizo. Mianda alitoka mbio bila viatu. Njiani, katika mwendo huo mfupi kati ya mlango na mlango, alikuwa anatafuta maneno. Angesemaje? Kwamba nyumbani kwake kumetoka shimo likaja chini ya vitanda vya watu, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipulizia hewa, na yeye ndiye aliyewaeleza kwa nini bidoni ni nzito. Alijua Joyeuse angemtukana, na aliona ni haki yake. Hata Baudouin ingebidi amfuate na kumwomba msamaha, mbele ya watu kama alivyomwaibisha mbele ya watu.

Joyeuse alikuwa ameketi kwenye kizingiti, ungo wa maharagwe mapajani, anachagua mawe. Ndani watoto walikuwa wanarukaruka, vishindo vinasikika.

“Mama Joyeuse, toa batoto mu nyumba,” Mianda alisema huku anahema. “Toa bote. Chini kuko shimo.”

Joyeuse aliinua macho, akaangalia barabara upande huu na upande ule, akashusha sauti.

“Kamata mudomo, mama, bantu batasikia. Siye tunajua.”

“Munajua?”

“Tata Chancelle, bwana yako, alikuya kutuuliza kabla ya kupita hapa chini, na anatupatia fungu yetu. Alisema ni weye njo ulitoa mupango ya basamaki.” Akacheka kidogo, kwa heshima, akarusha jiwe la maharagwe pembeni. “Weye muyuzi, mama Chancelle. Ile siku uliniambia maji ya chumvi ni muzito, miye nilitaka kufa na kucheka.”

Mianda akageukia mlango, watoto bado wanarukaruka ndani.

“Bwana yangu alikatala,” Joyeuse aliendelea. “Alisema batoto balale juu ya shimo, hapana. Miye njo nilimwambia akubali. Nilimwambia, mama Chancelle alizika ndugu yake Kasulo, yee hawezi kuacha muntu achimbe kama ni ya hatari. Kama yee analala pale juu na batoto yake, na siye tutalala.”

“Sikujua,” Mianda alisema.

Joyeuse aliendelea kutabasamu, akingoja mwenzake naye atabasamu. Kisha akautazama uso wake vizuri. Akainuka na maharagwe yakamwagika yote kizingitini, akaingia ndani akiwaita watoto kwa majina, mmoja mmoja, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, kama mtu anayeogopa kuitikisa sakafu.